Wadhamini wa Mfuko wa Chuo Kikuu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ni yale yanayorudi kila mara: wahitimu wanapotaka kuanzisha mfuko wa chuo chao, mtu anapoombwa kuingia kwenye bodi, au mchangiaji anapotaka kujua pesa yake imefikia wapi. Majibu yanafuata utaratibu wa Tanzania Bara. Pale ambapo nchi nyingine ina funzo la wazi, tumelitaja.

## Misingi

Mfuko wa chuo kikuu ni nini hasa?

Ni taasisi ya hiari inayoundwa pembeni ya chuo ili kukusanya michango, kuitunza na kuielekeza kwenye ufadhili wa wanafunzi, vitabu, maabara, utafiti au mabweni. Ina katiba yake, akaunti yake ya benki na hesabu zake. Pesa yake haimo kwenye bajeti ya chuo, na Bursa, yaani mkuu wa fedha wa chuo, hana mamlaka ya kuitoa.

Mtindo huu ulikomaa Marekani. Chuo Kikuu cha Kansas ndicho chuo cha umma cha kwanza kule kuwa na mfuko wa namna hii, mwaka 1891, na shabaha ilikuwa kuzitenga zawadi za watu binafsi na fedha za serikali ya jimbo. Shabaha hiyo bado ni nzuri hadi leo, hasa kwa vyuo vyetu vya umma ambako bajeti huamuliwa mbali na chuo.

Mdhamini wa mfuko ndiye yule anayemdhamini mwanafunzi Bodi ya Mikopo?

Hapana. Yule wa Bodi ya Mikopo anasimama nyuma ya deni la mtu mmoja. Mdhamini wa mfuko anashika mali kwa niaba ya walengwa. Hasaini mkopo wa mwanafunzi yeyote, wala hadaiwi ada ya mtu.

Je, huu ni sawa na wakfu?

Ni ndugu. Kwenye wakfu, asili ya mali haiuzwi wala hairithiwi, na mavuno yake ndiyo hutumika. Al-Azhar ya Cairo iliendeshwa kwa mali za wakfu kwa karne nyingi, na mfuko wenye mtaji wa kudumu unafuata kanuni ileile (angalia sehemu ya pesa na mtaji). Lakini wakfu una masharti yake ya kisheria na ya dini. Anayetaka kuweka nyumba au shamba wakfu kwa ajili ya elimu Zanzibar aanzie Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, sio kwenye mfuko wa wahitimu.

Na ule mfuko wa vyuo vikuu wa Kenya?

Ule ni wa serikali. Uliundwa na Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 ili kupeleka fedha za umma vyuoni. Nao una bodi ya wadhamini, lakini chanzo cha pesa na anayewahoji wadhamini wake ni tofauti kabisa.

Wadhamini wanasajiliwa wapi?

Tanzania Bara husajiliwa na Kabidhi Wasii Mkuu, ambaye ofisi yake ipo RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Sheria inayotumika ni ya Muunganisho wa Wadhamini, Sura ya 318. Zanzibar ina utaratibu wake.

Baada ya usajili, wadhamini huwa mtu mmoja mbele ya sheria: Wadhamini Waliosajiliwa wa mfuko fulani. Wana lakiri (muhuri rasmi) yao, wanaweza kumiliki mali, kushtaki na kushtakiwa kwa jina hilo. Mdhamini mmoja akifariki au akijiuzulu, mali haitikisiki.

Hapa inafaa kutulia kidogo, maana mifuko mingi huumia kwa kuruka hatua hii. Wahitimu wanachanga, kiwanja kinapatikana jirani na chuo, muuzaji ana haraka, na usajili bado. Basi hati inaandikwa jina la mwenyekiti kwa sababu kila mtu anamwamini. Miaka inapita, mwenyekiti anafariki, na msimamizi wa mirathi anakiorodhesha kile kiwanja pamoja na nyumba na gari la marehemu. Watoto hawana kosa, maana hati ina jina la baba yao. Kilichobaki kwa mfuko ni risiti za M-Pesa na kesi. Sajilini kwanza, ndipo mnunue. Muuzaji asipoweza kusubiri, tafuteni kiwanja kingine.

Mdhamini hufanya nini hasa, kwa wiki ya kawaida?

Wiki nyingi hafanyi kitu. Kazi huja kwa mafungu: kikao cha kila robo mwaka, kupitisha bajeti, kusoma hesabu, kuamua mtaji uwekezwe wapi, kuthibitisha orodha ya wanufaika, kusaini mikataba na kuwatafuta wachangiaji. Anayekubali nafasi hii ajipangie siku ya kusoma makabrasha kabla ya kila kikao. Mdhamini anayefungua bahasha kwa mara ya kwanza akiwa ameketi kikaoni atapitisha chochote.

## Wadhamini na chuo

Nani mkubwa: bodi ya wadhamini au Baraza la Chuo?

Hakuna mkubwa kwa mwenzake. Baraza la Chuo linasimamia chuo: mitaala, ajira, nidhamu, majengo. Wadhamini wanasimamia mali ya mfuko. Wadhamini hawawezi kumwondoa mhadhiri, na Baraza haliwezi kuagiza hundi ya mfuko iandikwe. Wanaunganishwa na makubaliano ya maandishi yanayosema chuo kitaleta vipaumbele vyake lini, mfuko utajibu vipi, nani anaruhusiwa kutumia jina na nembo ya chuo, na ofisi ya mfuko inalipiwa na nani. Bila karatasi hiyo, uhusiano unategemea urafiki wa watu wawili, na watu hao wakiondoka kila kitu kinaanza upya.

Makamu Mkuu wa Chuo anaweza kuwa mdhamini?

Anaweza, kama katiba ya mfuko inaruhusu, na kuna faida: anajua shida za chuo kuliko yeyote. Maoni yetu ni kwamba aingie kwa wadhifa wake, asiwe mwenyekiti, asiwe mtia saini benki, na atoke nje ya chumba mfuko unapojadili ombi lake mwenyewe.

Chuo Kikuu cha Louisville, Kentucky, kinaonyesha kwa nini. Rais wa chuo alikuwa pia rais wa mfuko. Ukaguzi wa kina uliotolewa mwaka 2017 ulieleza matumizi yaliyopita kiasi na maamuzi ambayo bodi haikuyaona sawasawa, na mwaka uliofuata chuo na mfuko vilifungua kesi dhidi ya viongozi wa zamani. Anayeomba pesa na anayeitoa walikuwa mtu mmoja, na aliyepaswa kuuliza swali hakuwepo.

Chuo kimechelewa kulipa mishahara. Kinaomba kuazima pesa za ufadhili kwa mwezi mmoja. Tukubali?

Hapana. Ni swali linaloulizwa kwa uchungu, na tunajua anayeuliza ana watu mbele yake wenye watoto na kodi ya nyumba. Lakini pesa iliyotolewa kwa ajili ya ada ya wanafunzi ina mwenyewe, naye si chuo wala wadhamini. Chuo kisiporudisha, wadhamini waliopitisha mkopo huo ndio watakaoulizwa, na watakuwa hawana jibu.

Kinachowezekana ni mfuko kuwa na fungu la fedha zisizo na masharti, lililochangishwa likijulikana kuwa la dharura. Fungu hilo bodi inaweza kulitoa kwa azimio, kwa maandishi, na kwa kiwango kilichowekwa kabla dharura haijafika.

## Pesa na mtaji

Mtaji wa kudumu una tofauti gani na michango ya kawaida?

Michango ya kawaida hukusanywa ili itumike. Mtaji wa kudumu hukusanywa ili ubaki, na kinachotumika ni sehemu ya faida yake. Mchangiaji aambiwe kabla hajatoa pesa yake inaingia fungu lipi, na stakabadhi iandikwe hivyo.

Tutumie kiasi gani kila mwaka?

Chukua mfano. Mfuko una mtaji wa TSh milioni 600 kwenye hatifungani za serikali (hati za kuikopesha serikali kwa riba) zinazozaa asilimia 10. Faida ni milioni 60 kwa mwaka. Bodi nyingi changa zitazitumia zote 60 na kupiga picha na wanafunzi. Tatizo ni kwamba bei zinapanda. Zikipanda kwa asilimia 4, zile milioni 600 zinahitaji kuwa 624 mwakani ili zibaki na nguvu ileile. Kwa hiyo milioni 24 zirudi kwenye mtaji, na 36 ndizo zitumike. Kama ada ni milioni 1.5, hao ni wanafunzi 24 badala ya 40. Inauma kuwaacha 16. Lakini ukiwachukua wote leo, miaka 20 ijayo mfuko huohuo utalipia wachache sana, na wale watakaokosa hawajazaliwa na hawana wa kuwasemea kikaoni. Wadhamini ndio sauti yao.

Marekani, sheria ya mfano ya 2006 inayofuatwa na karibu majimbo yote imeliandika wazo hili: bodi ipime uhai wa mfuko, mfumuko wa bei na nia ya mtoaji kabla ya kutumia. Baadhi ya majimbo yameongeza kwamba kutumia zaidi ya asilimia 7 ya thamani ya mfuko kwa mwaka kunahesabiwa kuwa uzembe hadi bodi ithibitishe vinginevyo. Sisi hatuna kiwango cha namna hiyo. Kiwekeni wenyewe kwenye sera yenu.

Tuwekeze wapi?

Mahali ambapo kila mdhamini anaweza kueleza faida inatoka wapi. Hatifungani za serikali zinazouzwa kupitia Benki Kuu, vipande vya mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS, amana za muda maalumu na hisa za Soko la Hisa la Dar es Salaam zote zinaeleweka na zina taarifa za wazi. Msiweke kila kitu sehemu moja, na msifunge pesa ya ada ya Oktoba kwenye hatifungani ya miaka 25.

Mradi unaoahidi faida nono ya kila mwezi, ukiletwa na ndugu wa mjumbe, unakataliwa hapohapo na sababu inaandikwa kwenye muhtasari.

Nani asaini hundi?

Wasiopungua wawili, wasiwe mume na mke wala bosi na msaidizi wake, na mweka hazina asiwe yeye pia anayeandaa malipo. Kwa malipo ya simu au intaneti kanuni ni ileile: mmoja anaingiza, mwingine anaidhinisha. Nywila ikishakuwa ya watu wawili, saini mbili hazina maana tena.

Lazima tukaguliwe?

Ndiyo, kila mwaka, na mkaguzi wa nje aliyesajiliwa na NBAA, yaani Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu. Marejesho ya wadhamini nayo yapelekwe RITA kwa wakati, pamoja na mabadiliko yoyote ya wajumbe. Taasisi nyingi hugundua umuhimu wake siku wanayotaka kuuza au kuhamisha mali, wanapokuta majina yaliyopo kwenye faili ni ya watu walioondoka zamani.

Mchangiaji anapata nafuu ya kodi?

Kampuni inaweza kuondoa mchango kwenye mapato yake ya kodi kwa kiwango kisichozidi asilimia 2 ya mapato ya biashara, ikiwa mfuko umetambuliwa na TRA kuwa taasisi ya hisani. Kusajiliwa RITA peke yake hakutoshi. Msiahidi nafuu hiyo kwenye barua za maombi kabla hamjaipata hati ya TRA.

## Wachangiaji na masharti yao

Mchangiaji akiweka masharti, tunabanwa nayo?

Mkishaipokea pesa, ndiyo. Kwa hiyo masharti yajadiliwe kabla. Barua ya mchango iseme nani anufaike, kwa vigezo gani, nani achague, na ifanyike nini kozi hiyo ikifutwa.

Kesi inayofaa kujulikana na kila mdhamini ni ya Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani. Mwaka 1961 Charles na Marie Robertson walitoa dola milioni 35 kwa kusudi lililoandikwa: kuandaa vijana kwa utumishi wa serikali, hasa mambo ya nje. Mfuko ulikuwa na bodi yake, wajumbe wanne wa upande wa chuo na watatu wa upande wa familia. Mtaji ulikua vizuri mno, ukafika mamia ya milioni. Lakini familia iliona pesa inakwenda kwenye mambo ambayo wazazi wao hawakuyataka, na mwaka 2002 ikafungua kesi. Ilimalizika kwa mapatano Desemba 2008: chuo kikakubali kurudisha dola milioni 40 za gharama za mawakili wa familia na kutoa milioni 50 kwa mfuko mpya wenye kusudi lilelile la awali. Hakuna aliyetuhumiwa kuweka pesa mfukoni. Ugomvi wote ulikuwa juu ya tafsiri ya kusudi, na uliwala watu miaka 6. Tazama pia jinsi kura zilivyogawanywa: upande mmoja ulikuwa na wingi wa kudumu, na upande wa pili haukuwa na pa kwenda ila mahakamani.

Mchangiaji anataka kuchagua mwanafunzi mwenyewe. Inaruhusiwa?

Aweke vigezo, asiweke jina. Anaweza kusema wasichana wa uhandisi kutoka Lindi na Mtwara, au yatima wanaosoma udaktari. Uteuzi ufanywe na kamati asiyokaa yeye. Mchango wa kumlipia mpwa wake ni ada ya familia, apeleke chuoni moja kwa moja.

Tunaweza kukataa mchango?

Mnaweza, na mara nyingine mnapaswa. Mwaka 2011 mkurugenzi wa London School of Economics alijiuzulu kwa sababu ya uhusiano wa chuo na Libya ya Gaddafi, ukiwemo mchango ulioahidiwa wa pauni milioni 1.5 kutoka mfuko uliosimamiwa na mwana wa Gaddafi. Kiasi kilichokuwa kimepokelewa kilikuwa kidogo zaidi ya hapo, lakini jina la chuo lilishachafuka. Ulizeni: pesa imetoka wapi, mtoaji anataka nini, na je, tungekuwa radhi habari hii isomwe redioni kesho? Mkishindwa kujibu swali la kwanza, pesa isiingie benki.

Tunaruhusiwa kubandika majina ya wachangiaji na wanufaika?

Kwa ridhaa yao tu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inahusu hata orodha za kwenye kundi la WhatsApp. Mwanafunzi anayelipiwa ada ana haki ya kutoonyeshwa kama mhitaji mbele ya wenzake. Picha za wanufaika wakiwa wamepangwa na mabango shingoni ziachwe kabisa.

## Maslahi binafsi

Mdhamini analipwa?

Halipwi mshahara. Anarudishiwa nauli na malazi, na posho ya kikao kama katiba inaitaja. Kiwango kisiwe kile kinachofanya vikao viongezeke bila ajenda.

Kampuni ya mdhamini inaweza kupewa kazi na mfuko?

Inaweza tu kama mambo haya yote yametimia: ametangaza maslahi yake kwa maandishi, ametoka chumbani wakati wa mjadala na kura, zabuni nyingine zimelinganishwa, na muhtasari unaonyesha hivyo. Kwa mfuko mdogo tunashauri jibu liwe hapana moja kwa moja, hata bei yake ikiwa nafuu. Hali ni hiyohiyo kwa mtoto wa mdhamini anayeomba ufadhili: jina lipelekwe kwa kamati bila mzazi kuwepo wala kupiga simu.

Mfuko ukiingia hasara, mdhamini anadaiwa yeye binafsi?

Uwekezaji ukishuka licha ya bodi kupima na kufuata sera, hadaiwi. Lakini usajili haumkingi kwa uzembe wake, kwa pesa iliyopita mikononi mwake isijulikane ilipo, au kwa kutumia mali kinyume cha kusudi. Hapo anawajibika mwenyewe. Kinga yake kubwa ni muhtasari: kama ulipinga, hakikisha jina lako limeandikwa kuwa ulipinga na kwa sababu gani. Kunyamaza kikaoni huhesabiwa kuwa umekubali.

## Mambo yasiyo ya kila siku

Mhitimu anayeishi Muscat au Toronto anaweza kuwa mdhamini?

Anaweza, na wengi wao huchangia kwa moyo. Katiba iruhusu vikao kwa mtandao na iseme akidi inahesabiwaje. Watia saini benki wawe waliopo nchini. Ikiwa amechukua uraia wa nchi nyingine, kumbukeni Sheria ya Ardhi ya 1999 inambana asiye raia kumiliki ardhi. Bodi yenye wasio raia wengi ipate ushauri wa wakili kabla ya kununua kiwanja.

Mdhamini haji vikaoni lakini hajiuzulu. Tufanyeje?

Katiba iseme mapema: akikosa vikao vitatu mfululizo bila taarifa, nafasi inakuwa wazi. Kama haisemi, mwenyekiti aende kumwona ana kwa ana. Mara nyingi ni mzee anayeheshimika ambaye angefurahi kuitwa mlezi wa mfuko na kuachia kazi ya mezani kwa vijana. Akikubali, apatiwe barua ya shukrani na RITA wajulishwe.

Nimeombwa kuwa mdhamini. Niombe kuona nini kabla ya kukubali?

Katiba, hati ya usajili, hesabu zilizokaguliwa za miaka 3, mihtasari ya mwaka mzima na barua za michango yenye masharti. Ukiambiwa zipo kwa mtu aliyesafiri, subiri arudi.

Chuo kikifungwa au kikiunganishwa na kingine, mali ya mfuko inakwenda wapi?

Haiendi kwa wadhamini wala haigawiwi wahitimu. Kwanza angalieni kifungu cha kuvunjwa kwenye katiba. Mara nyingi huelekeza kwa taasisi nyingine yenye kusudi linalofanana. Kisha rudini kwa barua za masharti, moja moja: mchangiaji aliye hai aulizwe, aliyefariki nia yake isomwe kwenye maandishi. Wanafunzi wanaoendelea kulipiwa wahesabiwe hadi mwaka wao wa mwisho na fungu lao litengwe kabla ya jambo lingine lolote, hata kama wamehamishiwa chuo kingine. Kabidhi Wasii Mkuu aarifiwe kabla mali haijahama.